Kufunga jiko la kuni kwenye chumba cha vioo: anza na bomba, jiko lifuate

Karibu kila anayeniuliza habari za kufunga jiko la kuni kwenye chumba cha vioo huwa ameshanunua jiko. Limefika, zito kama jiwe la kusagia, limekaa ndani ya boksi katikati ya chumba, naye amesimama kando akitazama juu. Swali linalofuata nalijua kabla hajafungua kinywa: "Sasa bomba nilipitishe wapi?"

Swali hilo ndilo lilipaswa kutangulia. Kwenye chumba chenye dohani ya matofali, njia ya moshi ipo tayari na kazi iliyobaki ni kuliweka jiko chini yake. Chumba cha vioo hakina njia hiyo. Paa lake ni jepesi, fremu ni za plastiki au alumini, upande mmoja kimeegemea ukuta wa nyumba, na juu ya ukuta huo mara nyingi kuna madirisha ya vyumba vya kulala. Bomba ndilo litakaloamua jiko likae wapi, na wakati mwingine ndilo litakalokuambia kwamba chumba chako hakifai kuwekwa jiko kabisa. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanzia juu ya paa na kushuka hadi sakafuni, hata kama wewe una hamu ya kuanza na jiko.

Ninaposema jiko la kuni namaanisha lile la chuma lenye mlango wa kioo, la kuota moto na kupasha chumba joto. Jiko la kupikia lina mambo yake mengine.

Kabla ya kununua chochote

Uliza ruhusa kwanza. Sehemu nyingi kazi hii iko chini ya sheria za ujenzi. Nchini Uingereza, kwa mfano, ama inafanywa na fundi aliyesajiliwa ambaye hutoa cheti mwenyewe, ama mwenye nyumba anaiarifu ofisi ya ujenzi ya halmashauri kabla hajaanza, nao wanakuja kukagua. Vipimo vingi nitakavyotaja humu vinatoka kwenye kanuni za huko, waraka unaoitwa Approved Document J, kwa sababu vyumba vya vioo ni vingi huko na vipimo vyenyewe vimeandikwa waziwazi. Kama mamlaka ya mahali unapoishi inataka zaidi, fuata inavyotaka. Na mtengenezaji wa jiko au wa bomba akitaka nafasi kubwa kuliko niliyoitaja, neno lake ndilo la mwisho.

Piga simu pia kwa kampuni iliyokupa bima ya nyumba. Jiko lililofungwa bila cheti linaweza kukukosesha fidia siku nyumba ikipata moto, hata kama moto wenyewe haukutoka kwenye jiko.

Kuna kazi mbili ambazo nakusihi usizifanye peke yako kama hujawahi: kupanda juu ya paa la vioo, na kipimo cha mwisho cha mvuto wa bomba, yaani nguvu ya bomba kuvuta moshi juu. Paa la vioo au polikaboneti (plastiki ngumu inayopitisha mwanga) halikanyagwi. Inatakiwa jukwaa la kusimamia lililofungwa kando ya paa. Ngazi iliyoegemezwa kwenye fremu haitoshi.

Vitu vya kuwa navyo

- Jiko lenye maandishi ya mtengenezaji yanayoonyesha kilowati, uzito na umbali wa kuachwa pembeni, nyuma na mbele
- Bomba la ganda moja la kuanzia kwenye jiko, na bomba la maganda mawili lenye sufi ya kuzuia joto katikati kwa sehemu yote iliyobaki
- Kipande cha kuunganisha bomba la ganda moja na la maganda mawili
- Kipande chenye mlango wa kusafishia masizi
- Mikanda ya kufungia maungio, mabano ya ukutani, na kola ya mpira wa silikoni unaostahimili joto
- Kofia ya bomba
- Bamba au vigae vizito vya kitako cha jiko
- Saruji ya kustahimili moto na kamba ya kuzibia
- King'ora cha gesi ya kaboni monoksidi
- Timazi, pima maji, tepu, drili, msumeno wa kukatia bati, glavu nene na miwani

Timazi wengi huiona kitu cha kizamani. Kwenye kazi hii itakuokoa kuliko chombo chochote cha umeme ulicho nacho.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta mahali ambapo moshi utatokea.

Toka nje, simama mbali, tazama nyumba nzima. Unatafuta sehemu moja angani ambapo mdomo wa bomba utakaa kihalali na upepo utaupitia bila kizuizi.

Bomba lote, kuanzia kwenye jiko hadi mdomoni, lisipungue mita 4.5 kwenda juu. Hapo ndipo watu wengi hushtuka. Jiko likiwa na kimo cha sentimita 60, mdomo wa bomba utakuwa zaidi ya mita 5 kutoka sakafuni, na paa la chumba cha vioo kwa kawaida halifiki hata mita 3. Maana yake ni kwamba zaidi ya mita 2 za bomba zitasimama hewani juu ya paa lako, zionekane na majirani.

Kisha kuna madirisha na nyumba yenyewe. Kama mdomo wa bomba uko ndani ya mita 2.3 kutoka kwenye dirisha linalofunguka, lazima uwe juu ya dirisha hilo kwa angalau mita 1. Kama kuna jengo la jirani ndani ya umbali huo huo wa mita 2.3, bomba lipande sentimita 60 kupita sehemu yoyote ya jengo hilo iliyo ndani ya umbali huo. Na kama linapita karibu na paa la nyumba yako, hesabu umbali wa mlalo kutoka mdomoni hadi kwenye mteremko wa paa: nao usipungue mita 2.3.

Ukishapima yote haya, kwa nyumba ya ghorofa moja juu ya nyingine jibu huwa moja kati ya mawili. Ama bomba linatoka upande wa mbele wa chumba cha vioo, mbali na nyumba, likiwa limesimama peke yake na kushikiliwa na vyuma vya kulitegemeza. Ama linapelekwa kwenye ukuta wa nyumba na kupanda nao hadi kupita paa. Mimi huchagua ukuta. Bomba linaloshikwa na ukuta halitikisiki kwa upepo, na urefu wa ziada unaongeza mvuto. Gharama yake ni kubwa zaidi, sifichi.

*Kosa la kawaida:* kukatisha bomba nusu mita juu ya paa la vioo kwa sababu "limeshatoka nje". Bomba fupi kiasi hicho halivuti. Moshi utarudi chumbani, na siku ya upepo utaingia madirishani mwa vyumba vya juu.

2. Shusha timazi.

Ukishapata sehemu ya juu, ning'iniza timazi ndani ya chumba moja kwa moja chini ya mahali bomba litakapopita. Iache itulie kabisa. Weka alama sakafuni ncha ilipoelekea, kisha tazama juu ufuate uzi kwa macho: je, unagusa boriti ya paa? Unapita karibu na mfereji wa maji? Unaangukia mlangoni?

Sogeza timazi mpaka uzi upite katikati ya boriti mbili bila kuzikaribia. Hapo ndipo jiko litakapokaa. Bomba lililonyooka kuanzia juu hadi chini ndilo linalovuta vizuri na kusafishika kirahisi. Ukilazimika kupinda, kona isizidi nyuzi 45, na kona zote zisizidi nne. Bomba la kulala chali halifai. Pekee linaloruhusiwa ni kile kipande kifupi kwa jiko linalotolea moshi nyuma, nacho kisizidi sentimita 15.

3. Chagua ukubwa wa jiko.

Sasa ndiyo ununue jiko. Zidisha urefu, upana na kimo cha chumba kwa mita, kisha gawanya kwa 10. Jibu ni kilowati zinazohitajika kwa chumba kinachopoteza joto haraka kama hiki. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.5 kina mita za ujazo 35, kwa hiyo kinataka kilowati 3.5 hivi. Jiko la kilowati 4 au 5 linatosha.

Najua kishawishi cha kununua la 8. "Vioo vinapoteza joto, bora lizidi." Tatizo ni kwamba jiko kubwa kwenye chumba kidogo litakulazimisha uubane moto hewa ili usichomeke. Kuni zinazonyimwa hewa hazichomeki vizuri: zinafuka, kioo cha mlango kinageuka cheusi, na ule moshi mzito unagandia ndani ya bomba kama lami. Lami hiyo ndiyo kreosoti, na siku ikishika moto bomba linanguruma kama gari moshi. Jiko dogo linalowaka kwa nguvu ni salama kuliko kubwa linalosinzia.

4. Kagua sakafu, kisha tengeneza kitako.

Jiko dogo la chuma lina uzito wa kilo 80 hadi 120, na bado hujahesabu bamba la chini. Sakafu ya zege haina wasiwasi. Sakafu ya mbao iliyoinuliwa inabidi mjenzi aiangalie, na huenda ikahitaji nguzo za ziada chini yake.

Kitako cha jiko kiwe cha kitu kisichoungua. Soma karatasi ya jiko: kama mtengenezaji anasema joto la chini ya jiko halizidi nyuzi 100 za Selsiasi, bamba la unene wa milimita 12 linaruhusiwa. Kama hasemi hivyo, utahitaji kitako kizito cha zege, unene wa milimita 125 au zaidi. Upana wake usipungue sentimita 84 kwa 84, na kijitokeze mbele ya jiko sentimita 30 na pembeni sentimita 15 kila upande. Sehemu ya mbele ndiyo inayodakia makaa unapofungua mlango, kwa hiyo usiipunguze kwa ajili ya urembo.

Pima maji iwekwe pande zote mbili. Jiko lililoinama kidogo tu chini huonekana limeinama sana bomba likifika juu.

5. Pima umbali wa kila kinachoweza kuungua, kulegea au kupasuka.

Hii ndiyo hatua inayokitofautisha chumba cha vioo na sebule, na nitakaa nayo kidogo.

Plastiki ya PVC, inayotumika kwenye fremu nyingi, huanza kulegea karibu na nyuzi 80. Haihitaji kushika moto ili ikuharibie kazi. Ikipinda tu, kioo kinapoteza ushikilio wake na maji yanaanza kuingia. Fremu za PVC zichukulie kama mbao: zipe umbali ule ule ambao karatasi ya jiko inautaka kwa vitu vinavyoungua.

Kioo nacho kina aina zake. Kioo kigumu, kile kilichopitishwa kwenye tanuru, kina chapa ndogo iliyochorwa kwenye kona, na kinavumilia tofauti kubwa ya joto. Kioo cha kawaida hakivumilii. Katikati ikipata joto la jiko huku kingo zikiwa zimejificha kwenye fremu yenye baridi, tofauti ya nyuzi 40 hivi inatosha kukipasua. Mimi mwenyewe nilipasua kimoja. Jiko lilikuwa sentimita 40 kutoka dirishani, asubuhi ya baridi kali, nami nikawasha moto mkubwa kwa haraka. Nilisikia mlio mmoja mkavu, kama kijiti kinachovunjwa. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye ukingo wa fremu, ukaingia ndani umenyooka kiasi cha kidole kimoja, kisha ukapinda kuelekea katikati. Tangu siku hiyo sifungi jiko kabla sijatafuta chapa kwenye kona ya kila kioo kilicho karibu. Nisipoiona, nabadilisha kioo au nasogeza jiko.

Njia nzuri kuliko zote ni kuliweka jiko mbele ya ukuta wa matofali wa nyumba. Ukuta unabeba joto, haupasuki, na unaendelea kutoa joto hilo taratibu baada ya moto kuzimika.

Bomba la ganda moja lina umbali wake pia: mara tatu ya kipenyo chake kutoka kwenye chochote kinachoungua. Bomba la milimita 150 linataka milimita 450. Ukiweka ngao ya bati yenye nafasi ya hewa ya milimita 12 nyuma yake, umbali unaweza kushuka hadi mara moja na nusu ya kipenyo. Na usisahau vitu vinavyohamahama: mapazia, viti vya henzerani, mito, na mimea mikavu ya kwenye vyungu.

6. Lipe jiko hewa.

Moto hula hewa ya chumba, na chumba cha vioo kilichozibwa vizuri kinaishiwa haraka. Kanuni za Uingereza zinataka tundu la kudumu la hewa lenye milimita za mraba 550 kwa kila kilowati: kwenye nyumba za zamani unahesabu kilowati zinazozidi 5 tu, kwenye nyumba mpya zisizopitisha hewa unahesabu zote. Kwenye chumba cha vioo mimi huweka tundu hata kwa jiko la kilowati 4. Kama jiko lako lina sehemu ya kuunganishwa na bomba la hewa kutoka nje, tumia hiyo.

Tundu lisiwe na kifuniko cha kufunga. Mtu akihisi baridi miguuni atalifunga, na hatalikumbuka.

Angalia pia kama chumba cha vioo kimeunganika na jikoni bila mlango. Feni ya kutolea moshi wa mapishi ina nguvu ya kuushinda mvuto wa bomba na kuurudisha moshi chini. Iwashe wakati wa kujaribu jiko uone inavyokuwa.

7. Fungua paa.

Kioo kigumu hakikatwi. Ukikigusa na msumeno kinageuka punje zote kwa mara moja. Kinachofanyika ni kuondoa kipande kizima kati ya boriti mbili na kuweka mahali pake bamba lisilopitisha mwanga, lenye bati nje na sufi ya mawe ndani, kisha tundu linatobolewa kwenye bamba hilo. Polikaboneti inakatika kirahisi, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu watu huikata na kupitisha bomba katikati yake. Nayo pia iondoe, uweke bamba.

Tundu liwe pana kuliko bomba kwa umbali anaoutaka mtengenezaji wa bomba. Hata bomba la maganda mawili lina umbali wake, kwa kawaida milimita 50 au zaidi kutoka kwenye mbao. Nafasi hiyo iachwe wazi au ifunikwe na kola ya bati ya mtengenezaji. Usiijaze sufi ya kawaida ya kuzuia joto darini.

Kama paa halifai kabisa kutobolewa, tokea ukutani: kona ya nyuzi 45 ndani, bomba linapita ukutani kwa mteremko huo huo ndani ya mkono wa chuma, kisha linaungana na bomba la wima nje. Utahitaji mlango wa kusafishia chini ya bomba la nje.

8. Unga bomba kuanzia kwenye jiko kwenda juu.

Kila kipande cha bomba la ganda moja kina mdomo mwembamba na mdomo mpana. Mwembamba uelekee chini, uingie ndani ya mpana wa kipande kilicho chini yake. Watu huweka kinyume kwa sababu wanafikiria moshi unaopanda, wakidhani utavuja kwenye maungio. Moshi hauvuji, bomba linauvuta juu. Kinachovuja ni majimaji meusi yanayoshuka: yakikuta mdomo umeelekea vibaya yanatoka nje ya ungio na kuteremka juu ya rangi ya bomba hadi kwenye jiko, na yakishakauka hayafutiki.

Ziba maungio ya ganda moja kwa kamba na saruji ya moto. Kwenye bomba la maganda mawili hakuna saruji: kuna mkanda wa kufungia na mshale unaoonyesha moshi unakoelekea. Ungio lisikae ndani ya unene wa paa, ambako hutaweza kuliona wala kulikaza.

Badilisha kutoka ganda moja kwenda maganda mawili mapema, angalau sentimita 45 chini ya paa. Nje, kila kipande kiwe cha maganda mawili. Bomba la ganda moja likipigwa na baridi ya nje linapooza moshi, moshi ukipoa unakuwa mzito, na kreosoti inaganda.

Funga mabano kwenye ukuta kwa umbali aliouandika mtengenezaji. Kipande cha juu kisichoshikwa na kitu kisizidi mita 1.5 bila vyuma vya kukitegemeza. Uzito wa bomba ubebwe na mabano, usiachwe ulielemee jiko wala paa.

9. Ziba paa dhidi ya mvua.

Kola ya mpira wa silikoni inakatwa ndogo kidogo kuliko bomba ili ibane. Ivute kutoka juu kwa maji ya sabuni. Ilaze juu ya bamba kwa silikoni ya kustahimili joto, ukaze skrubu kuzunguka, na uhakikishe upande wa juu wa mteremko umeingia chini ya kipande cha paa kilicho juu yake, ili maji yapite juu yake. Kisha mwaga ndoo nzima ya maji huku mtu akiangalia ndani. Ukingoja mvua ndiyo ikuonyeshe, utakuwa umeshashusha jukwaa.

10. Weka king'ora cha kaboni monoksidi.

Gesi hii haina harufu wala rangi. King'ora kikae umbali wa mita 1 hadi 3 kutoka kwenye jiko. Kikiwa darini, kiwe sentimita 30 au zaidi kutoka ukutani. Kikiwa ukutani, kiwe juu ya usawa wa milango na madirisha lakini kisikaribie dari kwa chini ya sentimita 15. Kwenye chumba cha vioo dari ni ya mteremko na jua linaipiga, kwa hiyo mara nyingi ukuta wa nyumba ndio unaofaa. Bonyeza kitufe cha kujaribia kila mwezi.

11. Jaribu moshi kabla ya moto.

Funga milango na madirisha yote. Washa kidonge cha moshi ndani ya jiko na utazame kila ungio kwa tochi. Moshi wote utoke juu. Kisha fundi apime mvuto kwa kifaa chake jiko likiwa na moto. Majiko mengi hutaka paskali 12 hivi, na karatasi ya jiko lako itakuambia. Rudia kipimo feni ya jikoni ikiwa inafanya kazi.

12. Moto wa kwanza uwe mdogo.

Washa vijiti tu, uviache viishe, jiko lipoe kabisa. Rudia mara mbili au tatu kwa siku tofauti, kila mara ukiongeza kidogo. Rangi ya jiko itatoa harufu kali na hata moshi mwepesi inapokauka. Fungua madirisha na usiwe na watoto chumbani. Moto wa kwanza ukiwa mkubwa, chuma cha kalibu kinaweza kupata ufa.

Kuni ziwe na unyevu chini ya asilimia 20. Ukipima, pasua gogo kwanza na upime upande uliopasuka sasa hivi. Ngozi ya nje hukauka mapema na kukudanganya. Kuni mbichi zikipasuliwa na kupangwa mahali penye upepo, chini ya kifuniko, huchukua mwaka mmoja hadi miwili.

Mambo yakienda vibaya

*Moshi unarudi unapowasha tu, kisha unaacha.* Bomba ni baridi na limejaa hewa nzito. Washa gazeti moja lililokunjwa, lisogeze juu karibu na mdomo wa bomba ndani ya jiko, liwake lote, kisha washa vijiti. Kuwasha kutoka juu kwenda chini, magogo yakiwa chini na vijiti juu, kunasaidia sana.

*Moshi unarudi muda wote.* Fungua dirisha moja. Moshi ukiacha kurudi, tatizo ni hewa ya chumba: rudi hatua ya 6. Usipoacha, bomba ni fupi, limeziba, au lina kona nyingi.

*Moshi unarudi siku za upepo tu.* Mdomo wa bomba uko chini ya paa la nyumba na upepo unaushukia. Kofia maalumu inaweza kupunguza, lakini dawa yake ni kuongeza urefu.

*Kioo cha mlango kinakuwa cheusi.* Kuni mbichi, au unabana hewa mapema mno. Acha jiko lishike joto kwanza.

*Matone meusi kwenye maungio.* Vipande vimegeuzwa, au bomba linapoa njiani. Vishushe uvigeuze, saruji ya juu juu haitaishikilia lami hiyo.

*Moto hautulii hata ukifunga hewa yote.* Kamba ya mlango imechakaa. Bana kipande cha karatasi kwenye mlango na ukivute. Kikitoka kirahisi, badilisha kamba.

*Fremu au kioo kinauma mkono ukikishika.* Zima. Ongeza ngao au sogeza jiko kabla hujawasha tena.

*Mngurumo ndani ya bomba.* Kreosoti imeshika moto. Funga hewa zote za jiko, toa watu wote nje, piga simu zimamoto. Usimwage maji ndani ya jiko. Baada ya hapo bomba lisitumike mpaka fundi alifungue na kulikagua, kwa sababu ganda la ndani huenda limepinda bila kuonekana kwa nje. Bomba linalotumika kwa kuni lisafishwe angalau mara moja kwa mwaka, na mara mbili kama unawasha kila siku.

*King'ora kinalia.* Fungua milango, tokeni wote nje, kisha piga simu kuomba msaada. Mwenye kichwa kinachouma, kizunguzungu au kichefuchefu aonwe na daktari siku hiyo hiyo, na aelezwe kwamba ni moshi wa jiko. Jiko lisiwashwe tena mpaka fundi apate sababu.